Shamso na Kibao cha Pembe Nane

Madumu kumi na mawili ya maziwa ya ngamia yalimwagwa mchangani mchana kweupe, na hakuna mtu sokoni Garissa aliyethubutu kumwambia Shamso aache. Maziwa yale hayakuwa na ule uchachu mzuri ambao watu huutafuta na kuununua. Yalikuwa yameharibika, yameganda vipande vipande, yananuka dizeli na makaa. Yalikamuliwa Bura kabla ya alfajiri, na yalipaswa kufika mjini kabla jua halijakolea. Yalifika saa tisa alasiri.

Dereva, kijana aliyeitwa Abdihafid, alikuwa amesimama njiani mara nne kupakia abiria na magunia ya makaa. Kisha aliegesha gari chini ya mgunga akatafuna miraa na wenzake huku maziwa yakipikika juani.

"Abaayo, dada yangu, barabara ni mbaya," alijitetea.

"Barabara haikutafuna miraa," Shamso alimjibu. "Lete funguo."

Abdihafid alikuwa dereva wa tatu kufukuzwa mwaka ule. Pikapu yenyewe ilikuwa mali ya Shamso na wanawake wenzake kumi na wanane wa Bura, wauza maziwa, walioinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi. Kati yao hakuna hata mmoja aliyejua kuiendesha. Kila dereva waliyemwajiri aliigeuza kuwa yake. Kesho yake jioni, huko Bura, mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Nunow, aliyekuwa akiitamani pikapu hiyo tangu siku ilipofika, alikuja kwenye mkutano wao bila kualikwa.

"Gari lisilo na dereva ni zizi la mbuzi," alisema. "Niuzieni. Madereva wangu watawabebea maziwa wakipata nafasi."

"Wakipata nafasi!" Shamso alifoka. "Ngamia hukamuliwa ukipata nafasi? Mimi nitaendesha."

Nunow alicheka mpaka kofia ikamteleza. Wanawake hawakucheka, lakini hawakufurahi pia. Walikuwa wamechoka. Waliamua hivi: Shamso aende Garissa akasome udereva, afanye mtihani wa mwezi uliofuata. Akifaulu, gari linabaki. Akianguka, Nunow analichukua.

Shamso ni habaryar wangu, yaani mama mdogo, dada wa mama yangu. Wakati ule alikuwa na miaka arobaini na sita. Alizaliwa malishoni upande wa Hulugho, akachunga ngamia wa baba yake mpaka alipoolewa, akafiwa na mume, akalea watoto watano kwa maziwa. Kiswahili alijifunzia sokoni, na kukisoma alijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima. Husoma polepole, kidole kikiwa chini ya neno. Alifikia kwetu mjini akiwa na begi moja na hasira ambayo haikuingia begini.

Shule aliyojiandikisha ilikuwa na gari moja, chumba kimoja na mwalimu mmoja, Yakub, ambaye pia ndiye mwenye shule. Ukutani palikuwa na picha thelathini na mbili za alama za barabarani, zimepangwa kwa safu. Yakub alizigonga kwa fimbo moja baada ya nyingine, nao wanafunzi wakaitikia kwa pamoja kama watoto wa madrasa: "Simama! Pisha! Usiingie! Usipite gari lingine!" Walipofika ya thelathini na mbili walirudi mwanzo. Hilo ndilo lililokuwa somo, asubuhi nzima, siku baada ya siku.

Siku ya pili Shamso aliinua mkono.

"Mwalimu, kwa nini hii ina pembe tatu na ile ni duara?"

"Mama, mtihani hauulizi kwa nini. Unauliza hii ni nini."

"Na taa hizi tatu, nyekundu, njano na kijani?"

"Hapa hatuna. Kariri tu."

"Nikienda mji wenye taa?"

"Kwani maziwa yako unayapeleka London?"

Darasa lilicheka. Aliyecheka zaidi ni Abdinasir, kijana wa mbele aliyejua wimbo ule wote na kuuimba kwa kasi kuliko fimbo. Shamso aliporudi nyumbani aliosha vyombo kwa kishindo mpaka mama akamwomba avionee huruma vikombe.

Kisha likaja kosa lake. Yakub alimwita mbele aeleze picha ya pili, pembetatu iliyosimama kwa ncha, msingi wake ukiwa juu. Shamso aliinamisha kichwa kuitazama.

"Hii imetundikwa kichwa chini," alisema. "Aliyeitundika alikosea. Igeuzeni."

Mara hii hata mlango ulicheka. Yakub alijipangusa machozi. "Islaan, mama mzee, serikali nzima imeigeuza kichwa chini, na wewe ndiye umegundua! Hiyo ni alama ya kupisha. Imeumbwa hivyo hivyo."

"Imeumbwa hivyo kwa nini?"

"Keti chini."

Niliwahi kumuuliza ni kitu gani kilichomuumiza siku ile. Alisema si kucheka. Malishoni watu huchekana kutwa. Kilichomuumiza ni kwamba Yakub alicheka na yeye mwenyewe hakulijua jibu. Ukimtazama machoni mtu asiyejua, alisema, utaona anavyotafuta mlango.

Ijumaa baada ya sala alikaa uani na Idman, msichana jirani aliyemaliza kidato cha nne, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wa Yakub. Idman alikuwa na kitabu cha sheria za barabara ambacho shuleni hakuna aliyekifungua. Shamso alichukua kijiti akaanza kuchora mchangani, si alama za barabarani bali alama za ngamia.

"Ngamia wa kwetu alichomwa hapa shavuni," alimwambia Idman. "Mstari na duara. Wajomba zangu walichoma mstari huo huo, lakini shingoni. Nikiwa mdogo kuliko wewe, baba alinionyesha kundi la mbali na kuniuliza ni la nani. Nikishindwa, silali bila kutukanwa. Kwanza unatafuta alama ya ukoo. Ukishaujua ukoo, unatafuta kialama kidogo cha nyumba. Hakuna anayekariri ngamia mmoja mmoja, walaal, ndugu yangu. Utakariri elfu?"

Alikomea hapo. Kijiti kilibaki hewani.

"Nisomee hicho kitabu," alisema. "Nisomee koo za alama."

Idman alisoma, na mchanga wa uani ukajaa. Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha juu: ukoo wa hatari, unakuonya kuhusu kilicho mbele, iwe kona, matuta au mifugo. Duara lenye ukingo mwekundu: ukoo wa katazo, usifanye kilichochorwa ndani. Duara la buluu: ukoo wa amri, fanya hivi. Mistari iliyochorwa chini nayo ina lugha yake: uliokatikakatika unaweza kuuvuka ukiona mbele ni salama, usiokatika ni ukuta. Kisha Idman akafika kwenye pembetatu iliyopinduliwa na kibao cha pembe nane, na hapo alipunguza sauti kwa sababu hata yeye hakuwahi kuyasoma hayo. Alama hizi mbili, kupisha na kusimama, zimepewa maumbo ambayo hayana mfano, ili dereva azitambue hata zikichafuka kwa vumbi, hata akiziona kwa nyuma.

"Kwa nyuma!" Shamso alisimama. "Kwa hiyo ipo sababu. Ipo, na mtu yule ananiimbisha wiki tatu!"

Nilidhani angefurahi. Alikasirika kiasi kwamba alifuta mchanga wote kwa mguu na kuanza kuchora upya.

Siku nne kabla ya mtihani, zamu yake nyingine ya kuendesha ilifika. Yakub alikaa kando yake, Idman na Abdinasir nyuma. Walitoka sokoni kwa njia ya kando, Shamso akibadilisha gia vizuri. Karibu na mahali njia ile inapokutana na barabara kuu, alikanyaga breki, akasimamisha gari kabisa, akatazama kulia na kushoto.

"Nani amekwambia usimame?" Yakub aliuliza.

"Kibao."

"Kibao gani? Pale kuna tangazo."

Ni kweli palikuwa na tangazo. Karatasi kubwa ya manjano ilibandikwa juu ya bati, na ilisema: JIFUNZE UDEREVA NASI, UTAFAULU. Chini yake palikuwa na jina la shule na namba ya simu ya Yakub. Lakini bati lenyewe lilikuwa na pembe nane, na karatasi haikuweza kuzificha.

Shamso alivuta breki ya mkono, akazima gari, akashuka. Alitoa kisu kidogo anachokatia kamba za madumu, akaanza kukwangua. Wenye bodaboda walisogea kutazama. Yakub alitoka mbio upande wa pili.

"Wee mama! Hilo ni tangazo letu!"

"Na hiki ni kibao cha nani?"

"Watu wote wa hapa wanajua kuna njia panda! Hawahitaji kibao!"

"Na mgeni? Na mimi nikitoka Bura?" Shamso hakuacha kukwangua. Herufi ya S ilitokea, nyeupe juu ya nyekundu. "Kwetu, mtu akichoma alama yake juu ya alama ya ngamia wa mwenzake, anaitwa nani?"

Mwendesha bodaboda mmoja alijibu kwa niaba yake: "Mwizi, eedo! Mwizi, shangazi!"

"Wewe unafundisha watu kusimama," Shamso alisema, "na umefunika pa kusimamia. Huoni haya, Yakub? Wallahi huoni haya?"

Umati ulizomea. Yakub aliingia garini, akawaendesha mwenyewe mpaka shuleni. Mlangoni ndipo alipogeuka. Alisema Shamso hatapanda gari lake siku ya mtihani mpaka kwanza amwombe radhi mbele ya darasa na abandike karatasi mpya kwa mkono wake mwenyewe. Bila gari hakuna mtihani wa barabarani, na bila mtihani hakuna leseni. Yakub alilijua hilo. Alijua pia habari za Nunow, kwa maana Garissa habari haina haja ya gari.

Nyumbani mama alimsihi. "Mwombe radhi, Shamso. Ni neno tu. Wanawake kumi na wanane wanakungoja."

"Najua idadi yao."

"Basi wafanyie hao."

"Nikibandika karatasi ile," Shamso alisema, "halafu pikipiki igongwe pale, nitawaambia hao kumi na wanane kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yao?"

Mama alirudi jikoni. Nami, pamoja na shahada yangu ya chuo kikuu, nilimfuata.

Alhamisi ya mtihani, Yakub alifika shuleni saa moja na kumkuta Shamso ameshaketi kwenye kiti cha dereva. Mlinzi alikuwa amefungua gari kulifuta vumbi. Shamso aliingia, akafunga mkanda, akashika usukani kwa mikono miwili. Hakuwa na funguo. Hakuwa na haja nazo. Wanafunzi saba walikuwa wakingoja nje na vibali vyao vya mwanafunzi mkononi, mtahini anaanza saa mbili, na gari ni hilo moja.

"Shuka," Yakub alisema.

"Masomo nimelipia. Jina langu limo kwenye orodha. Panda twende, au utembee."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Nitawaonyesha pia kibao."

Yakub alizunguka gari mara mbili. Angewezaje kumshika mkono mwanamke aliye rika la mama yake, mbele ya watu? Alijaribu kumtuma Abdinasir, naye Abdinasir akagundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imelegea.

"Mwalimu, saa moja na robo," Idman alisema kwa upole uliojaa kicheko.

Yakub alitoa funguo. Alizitupa mapajani mwa Shamso kama mtu anayetupa mfupa, na Shamso akawasha gari.

Mtahini alikuwa mtu mnene mwenye miwani, mgeni wa mji, asiyemjua Yakub wala Nunow. Mezani alikuwa na ubao wa mji wa mfano, wenye njia zilizochorwa na vigari vya kuchezea, na kando yake kadi za alama. Kabla ya yote alizichanganya kadi zile kama mcheza karata. Nilisimuliwa na Idman kwamba darasa zima lilizitazama kadi zikichanganywa jinsi mtu anavyotazama mafuriko.

Abdinasir aliitwa kwanza. Mtahini aliinua kadi yenye picha ya ng'ombe ndani ya pembetatu.

"Simama!" Abdinasir alijibu kwa sauti kubwa, kwa maana wimbo huanza hivyo.

"Na hii?"

"Pisha!"

"Hii ni kona kali, kijana. Nenda ukasome."

Watatu walianguka kwa namna hiyo hiyo. Idman alipita. Shamso alipoitwa, alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Hii mifugo," alisema alipoonyeshwa ng'ombe. "Lakini kwetu ni ngamia. Ngamia haisikii honi. Ukipiga, inasimama katikati inakuangalia. Mimi nasimama mbali, nangoja mpaka ya mwisho ipite, kwa sababu ya mwisho ndiyo ina mtoto."

Mtahini aliandika. Kisha aliinua kadi ambayo haikuwemo kati ya zile thelathini na mbili za ukutani. Pembetatu, ukingo mwekundu, na ndani kitu cheusi chenye magurudumu na moshi.

Shamso aliitazama. Alikuwa hajawahi kuona gari la moshi maishani mwake.

"Hii kitu ya ndani mimi sijui," alisema. "Lakini ukoo wake najua. Ni ukoo wa hatari. Mimi natoa mguu kwa mafuta, naangalia kulia, naangalia kushoto. Nikiiona, naisubiri ipite. Halafu nikirudi nyumbani nauliza jina yake."

"Ni treni, mama," mtahini alisema.

"Haya. Naisubiri treni."

Kisha walikwenda barabarani, yeye, mtahini na Yakub kiti cha nyuma. Mtahini alimwambia apite njia ya soko. Walipokaribia barabara kuu, Shamso aliona rangi ya manjano. Karatasi mpya. Gundi ilikuwa bado mbichi pembeni. Hapakuwa na gari lolote, si kulia wala kushoto. Barabara ilikuwa tupu kama kiganja. Alisimama kabisa, magurudumu manne.

"Mbona umesimama?" mtahini aliuliza. "Sioni alama."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Shamso alijua kwamba pikapu imo katika kalamu ile.

"Hesabu pembe, bwana mkubwa," alisema.

Mtahini alihesabu. Alifungua mlango, akaenda, akainua ncha ya karatasi kwa kucha. Alisoma jina la shule. Alirudi akaketi, akafunga mlango taratibu, akageuka nyuma kumtazama Yakub, ambaye alikuwa amegundua jambo muhimu sana nje ya dirisha.

"Endelea, mama," alisema.

Shamso alifaulu. Nunow alipelekewa habari kabla ya adhuhuri na wanawake sita, kila mmoja kwa wakati wake, ili asije akasahau.

Ningependa kumalizia hapo, kwa sababu habari nzuri ni tamu kuandika. Lakini mwezi mmoja na nusu baadaye, Shamso akiwa ametoka kushusha maziwa mapema, maziwa matamu yenye harufu ya moshi wa kufukizia vibuyu, alipita njia ile ile na kuona karatasi mpya juu ya kibao. Safari hii ilikuwa na picha. Mwanamke wa makamo, shungi jeusi, macho makali. Ilikuwa picha aliyoitoa shuleni siku ya kujiandikisha. MAMA WA BURA ALIFAULU NASI, karatasi ilisema. WEWE JE?

Alisimama. Alitazama pande zote mbili, akaegesha kando, akashuka na kisu.

Yakub alitokea upande wa pili wa barabara akikimbia, mikono juu, uso umejaa tabasamu. "Eedo, eedo, ngoja! Hiyo ni heshima! Mji mzima unakujua sasa!"

"Uliniuliza?"

"Sasa nikuulize nini, si ulifaulu na sisi?"

"Nilifaulu na wewe?" Shamso alianza na paji la uso wake mwenyewe. "Nilifaulu ingawa ulinizuia, Yakub. Na leo umeniweka mimi niwafiche watu kibao. Mimi! Mtoto akigongwa hapa, atakuwa amegongwa nyuma ya uso wangu."

Tabasamu lilimtoka Yakub, lakini aibu haikuingia mahali pake. Alisema karatasi zile zimechapishwa mia mbili.

"Basi nina kazi mia mbili," Shamso alisema.

Alikwangua macho, akakwangua pua, akakwangua kidevu. Aliimwagia karatasi maji ya kunywa kutoka kwenye chupa yake ili gundi ilegee. Alimaliza jua likiwa limesimama kichwani, bati likang'aa jekundu, na neno SIMAMA likasomeka kutoka mbali. Ndipo alipopanda pikapu, akairudisha nyuma mpaka njiani, akaja tena mbele ya kibao, akasimama.

Tangu siku hiyo, kando ya madumu ndani ya pikapu kuna ndoo ya maji ya sabuni kwa ajili ya karatasi za Yakub.